Namna ya kulitembelea Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Salisbury na kuusoma mchoro wake wa Hukumu ya Mwisho

Wageni wengi wanaoshuka kwenye kituo cha treni cha Salisbury, kusini mwa Uingereza, huwa wamefuata mambo mawili: kanisa kuu la jimbo, lenye mnara uliochongoka wa mita 123, na mawe ya Stonehenge yaliyo nje ya mji. Njiani hulipita Kanisa la Mtakatifu Thomas bila kujua, kwa kuwa limebanwa na maduka na nyumba upande huu na huu, na mnara wake si wa kumfanya mtu ageuze shingo. Ndani ya kanisa hilo, juu ya tao kubwa linalotenganisha ukumbi wa waumini na sehemu ya madhabahu, upo mchoro wa Hukumu ya Mwisho uliochorwa mwishoni mwa karne ya 15, ambao ni miongoni mwa michoro mikubwa zaidi ya aina hiyo iliyosalia nchini humo. Maoni yangu ni kwamba mwenye nusu siku tu mjini hapa aanzie kwa Mtakatifu Thomas, ndipo aende kanisa kuu. Akifanya kinyume atafika amechoka, na mchoro huu humnyima mengi mtazamaji aliyechoka.

Sababu ni kwamba una watu wengi sana, na kila mmoja amewekwa mahali pake kwa makusudi. Asiyejua pa kuanzia huona msongamano wa miili na mabawa, akapiga picha moja kwa simu, akatoka. Aliyejiandaa kidogo huufuata sehemu kwa sehemu, na saa nzima humpita bila yeye kutambua.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda

Hadi mwanzoni mwa karne ya 13 askofu wa eneo hili na mapadre wake walikaa Old Sarum, kilima kilicho kaskazini mwa mji wa leo, ndani ya boma moja na askari wa mfalme. Palikuwa na upepo mkali na shida ya maji, na magomvi kati ya watu wa kanisa na watu wa ngome hayakuisha. Askofu Richard Poore akaamua kuhamia bondeni, karibu na mto Avon. Jiwe la msingi la kanisa kuu jipya likawekwa mwaka 1220, na kando yake ukapimwa mji mpya wenye mitaa iliyonyooka, uliopewa hati ya mfalme mwaka 1227. Kanisa la Mtakatifu Thomas lilianza wakati huohuo, na mapokeo ya mji husema kwamba lilikuwa kikanisa cha waashi na maseremala waliokuwa wakijenga kanisa kuu.

Thomas anayetajwa hapa si yule mtume aliyetaka kuyagusa majeraha. Ni Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa na wapiganaji wa Mfalme Henry wa Pili ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170, akatangazwa mtakatifu mwaka 1173. Mwaka 1220, wakati Salisbury ikiweka msingi, Canterbury ilikuwa ikiihamisha mifupa yake kwenye kaburi jipya la fahari, na jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu.

Mji ulitajirika kwa kondoo. Sufu na vitambaa vilivyotengenezwa hapa viliuzwa hadi ng'ambo, na kufikia karne ya 15 Salisbury ilikuwa mmoja wa miji mikubwa ya Uingereza. Kwa hiyo, sehemu ya madhabahu ilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1440, fedha za kujenga upya hazikukosekana. Matajiri wa mji walichangia, akiwamo William Swayne, mfanyabiashara wa sufu aliyewahi kuwa meya, na kanisa likainuliwa, likapanuliwa na kutobolewa madirisha makubwa. Mchoro ulikuja baada ya ujenzi huo. Ni vyema kukumbuka kwamba fedha iliyoulipia ilitoka sokoni, maana soko lenyewe limo ndani ya mchoro, nalo halikusifiwa.

Jambo la mwisho la kujua ni chokaa. Katika karne ya 16 wafalme wa Uingereza walijitenga na Papa, na baada ya mwaka 1547 serikali ya Mfalme Edward wa Sita iliamuru picha na sanamu ziondolewe makanisani kwa hoja kwamba zilikuwa chanzo cha ibada ya sanamu. Amri hiyo ilitekelezwa haraka mahali pengine na polepole kwingine. Hapa Salisbury mchoro ulipakwa chokaa mwaka 1593, na ngao ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ikatundikwa juu ya ukuta uleule, kana kwamba hakimu mmoja amempisha mwingine. Mwaka 1819 dalili za rangi zilionekana, chokaa ikakwanguliwa, watu wakatazama, michoro ya kumbukumbu ikachukuliwa, kisha ukuta ukapakwa chokaa tena. Ilipofika mwaka 1881 ndipo mchoro ulipofunuliwa moja kwa moja na kurekebishwa. Ulishughulikiwa tena katika miaka ya 1950, na mwaka 2019 ukasafishwa.

Kupanga safari

Treni za moja kwa moja kutoka kituo cha Waterloo, London, huchukua takriban saa moja na nusu. Kutoka kituoni shuka kwa mguu mtaa wa Fisherton hadi uvuke mto Avon. Ukishavuka uko karibu kabisa, na unachotafuta ni uwanja mdogo uitwao St Thomas's Square, ambao mlango wa kanisa unaufungukia. Mwendo wote ni wa dakika kumi hivi kwa mtu asiye na haraka.

Siku za soko ni Jumanne na Jumamosi, na uwanja wa soko uko nyuma tu ya kanisa. Mimi ningechagua mojawapo ya siku hizo licha ya msongamano, kwa sababu kanisa hili lilikuwa la wafanyabiashara, na mtu akitoka kwenye meza za jibini, samaki na nguo akaingia humo moja kwa moja, anapita njia waliyoipita wao. Karibu na hapo pia pamesimama Poultry Cross, kibanda cha mawe cha zama za kati kilichokuwa alama ya mahali pa kuuzia kuku, ambacho ndicho pekee kilichobaki kati ya vibanda vya namna hiyo vilivyokuwa mjini.

Kanisa ni la Kianglikana na bado lina waumini na ibada zake, kwa hiyo angalia ratiba kwenye tovuti yake siku moja kabla ya kusafiri. Jumapili asubuhi si wakati wa utalii. Harusi, mazishi na matamasha ya muziki huweza kulifunga kwa wageni hata siku za kazi. Ukipenda kuhudhuria ibada, karibu, na aliyezoea ibada za Kianglikana za Mombasa, Zanzibar au Masasi hatapotea katika utaratibu wake, ila atambue kwamba wakati huo hakuna kuzungukazunguka na simu mkononi. Kuingia ni bure, lakini pana sanduku la mchango, na mtu aliyekaa humo saa nzima hapaswi kulipita kama halioni.

Saa nzuri ya kutazama ni mchana, baada ya adhuhuri. Mchoro umeelekea magharibi na dirisha kubwa la mashariki liko nyuma ya tao, ndani kabisa ya sehemu ya madhabahu. Asubuhi yenye jua, mwanga wa dirisha hilo huja usoni mwa mtazamaji na ukuta ulio juu ya tao huonekana wa giza. Mchana jua likishahama, madirisha ya juu ya ukumbi hugawa mwanga vizuri zaidi. Siku ya mawingu nayo haina neno, kwa kuwa mwanga wake ni tulivu na hautupi vivuli.

Beba darubini ndogo. Hiki ndicho kifaa pekee ninachokisisitiza, maana nyuso ziko juu sana, na bila darubini utaridhika na umbo la jumla huku ukizikosa ishara za mikono, vifungo vya mavazi na macho ya mashetani. Beba pia sweta, hata katika mwezi wa Juni, kwani kuta nene za mawe hutunza baridi na wewe utakuwa umekaa bila kutembea.

Pa kukaa, na pa kuanzia

Ukiingia usikimbilie mbele. Walio wengi husimama karibu kabisa na tao, wakainua kichwa hadi shingo ikauma, wakaona mchoro umepinda. Kaa katikati ya ukumbi, kiasi cha nusu ya safari kati ya mlango wa magharibi na tao, mahali ambapo waumini wa zamani walisimama. Kutoka hapo mchoro wote unaingia machoni bila kuinua kidevu, na unaelewa kwa nini ukachorwa pale. Katika makanisa mengi ya Uingereza ya zama hizo, watu wa kawaida walibaki ukumbini, na padre akaendesha misa ng'ambo ya pili ya tao, nyuma ya kiambaza cha mbao kilichobeba msalaba mkubwa. Mtu aliyeitazama madhabahu kwa hiyo alimwona Kristo aliyesulubiwa, na juu yake Kristo aliyerudi kuhukumu. Hakuweza kuelekeza macho kwenye kimoja bila kukiona cha pili.

Kabla ya kutazama chochote, soma sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, kuanzia aya ya 31, ambako mataifa yanatengwa kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi. Mchoro wote umesimama juu ya habari hiyo. Msomaji Mwislamu naye hahitaji utangulizi mrefu, kwani habari ya Siku ya Kiyama, ya kufufuliwa makaburini na ya watu wa kuume na watu wa kushoto anaijua. Kitakachokuwa kigeni kwake ni kuona habari hiyo imewekewa sura za watu ukutani, na hilo ndilo lililowakera pia Wakristo walioleta ndoo za chokaa.

Anza juu, katikati. Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua, majeraha yake yakionekana, na nyuma yake kuna majengo ya mji wa mbinguni, ule Yerusalemu Mpya wa Ufunuo wa Yohana. Utazame mji huo kwa darubini. Mchoraji, ambaye jina lake halijulikani, hakuwahi kuiona mbingu, kwa hiyo alichora minara na paa za aina aliyoijua. Malaika walio pande mbili wameshika vyombo vya mateso: msalaba, taji la miiba, misumari, nguzo, mkuki na sifongo. Mtu wa leo huviona kama mapambo, lakini katika baraza la hukumu hivi ni ushahidi. Hakimu ameingia na vielelezo vyake.

Kisha shuka kwa watu walio karibu naye. Upande wake wa kuume yuko Mariamu mama yake na wa kushoto Mtakatifu Yohana, wote wawili wakiwaombea wanadamu, na chini yao wamepangwa mitume kumi na wawili. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, hivyo ni vizuri kujikumbusha kila mara: kuume kwa Kristo ni kushoto kwako wewe unayetazama. Ukisahau hilo utawasoma waliookolewa kuwa waliopotea.

Sasa fuata upande wako wa kushoto, ukishuka kando ya tao. Makaburi yanafunguka na wafu wanatoka, baadhi wakiwa bado na sanda, wengine uchi, na malaika wanawasaidia kupanda. Usiharakishe hapa kwa hamu ya kwenda kuwaona mashetani. Tazama jinsi ambavyo hakuna anayetoka kaburini na kitu mkononi. Aliyekuwa na duka na aliyekuwa kibarua wametoka sawasawa, na kwa waumini waliovaa sufu bora ya mji huu kuja kanisani, uchi huo ulikuwa na maana yake.

Vuka tao sasa, uende upande wako wa kulia. Huku ndiko kwenye purukushani. Mashetani wanawaburuta waliohukumiwa kuelekea mdomo wa dubwana, ambao ndio mlango wa jehanamu. Watafute watu wafuatao mmoja baada ya mwingine, na ukiwa na watoto wape wao kazi hiyo, watakushinda. Wamo wafalme wenye mataji. Yumo askofu, unayemtambua kwa kofia yake ndefu ya kiaskofu. Yumo bahili na mifuko yake ya fedha. Na yumo mama muuza pombe ameshika jagi lake.

Huyo mama anastahili dakika zake mwenyewe. Wauza pombe wanaoonekana katika michoro ya hukumu ya Uingereza hufasiriwa kuwa ni wale waliowapunja wateja, waliojaza povu badala ya kinywaji au kutumia kipimo kilichopungua. Kupunja vipimo lilikuwa kosa la kila siku la kila mji, na wenye mamlaka walilitoza faini mara kwa mara. Aliyechorwa pale kwa hiyo si muuaji wala mzushi wa dini. Ni jirani aliyempunja jirani mwenzake, kosa ambalo kila aliyeingia kanisani siku ya soko alilijua kwa jina na pengine kwa sura. Fikiria wenye fedha wa Salisbury wakiketi chini ya bahili mwenye mifuko, Jumapili baada ya Jumapili, huku wakijua kwamba fedha ya watu kama wao ndiyo iliyolijenga upya jengo lote. Wengine husema michoro ya namna hii ilikuwa ya kuwatisha maskini wasiojua kusoma. Nikiwatazama waliochaguliwa kutiwa motoni hapa, naona vigumu kukubali. Mfalme, askofu, bahili na muuza pombe si orodha ya maskini.

Chini kabisa, kwenye pembe mbili, wamesimama watu wawili walio nje ya purukushani. Wa kushoto kwako amevaa kama hujaji na huaminika kuwa ni Mtakatifu Yakobo, ambaye kaburi lake huko Compostela, Hispania, lilivuta mahujaji kutoka Ulaya nzima. Kutokana na sura hiyo wapo wanaodhani kwamba mchoro ulitolewa kama shukrani na mtu aliyerudi salama kutoka hija. Wa kulia ni askofu, na wengi humtaja kuwa ni Osmund, askofu wa Old Sarum aliyefariki mwaka 1099. Dhana hiyo ina mashiko, kwa kuwa Osmund alitangazwa mtakatifu mwaka 1457, na jimbo lililosubiri zaidi ya miaka 350 kumpata mtakatifu wake lingependa sana kumwona ukutani. Upande huo pia kuna utepe wenye maneno ya Kilatini, *Nulla est redemptio*, yaani hakuna ukombozi tena.

Yaliyo ya kale na yaliyoongezwa

Mtazamaji makini atajiuliza ni kiasi gani cha anachokiona kilichorwa katika karne ya 15. Jibu la haki ni kwamba mpangilio ni wa kale, lakini rangi nyingi za juu zimepitiwa na mikono ya baadaye. Ili kuelewa kwa nini, kumbuka namna kuta za Uingereza zilivyochorwa. Kule Italia mafundi walipaka rangi juu ya lipu mbichi, rangi ikakauka pamoja na ukuta na kuwa kitu kimoja. Uingereza kazi nyingi zilichorwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, kwa rangi zilizochanganywa na kigandishio, nazo zilikaa juu juu tu. Aliyekulia Lamu au Bagamoyo na kuona ukuta wa zamani ukikwanguliwa kabla ya kupakwa chokaa mpya anajua kwamba tabaka moja haliondoki bila kuchukua kidogo cha tabaka la chini. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Kila chokaa ilipokwanguliwa, mwaka 1819 na tena mwaka 1881, ilibeba rangi, na warekebishaji wa 1881 wakajaza mapengo kwa kadiri walivyoona inafaa.

Kwa hiyo unapotazama kwa darubini, zipe uzito zaidi nafasi za watu, vyombo walivyoshika na mikao yao kuliko mistari ya nyuso. Uso mwororo kupita kiasi, wenye kivuli laini mashavuni, una dalili ya karne ya 19. Hilo lisikuvunje moyo. Ukuta uliopitia chokaa mara mbili na marekebisho kadhaa bado umebaki na hoja yake yote, na kujua wapi mkono wa pili uliingia ni sehemu ya utamu wa kutazama.

Ukitaka kulinganisha, ingia kwenye kikanisa cha upande wa kusini, kilichohusishwa na yule William Swayne. Huko kuna michoro midogo ya zama za kati inayoonyesha Mariamu akipashwa habari na malaika, akimtembelea Elisabeti, na kuzaliwa kwa Yesu. Imefifia zaidi na haina kelele za ile kubwa, lakini kwa mtu anayetaka kuona utulivu wa mkono wa karne ya 15, mimi ningesema huku kuna faida kubwa kuliko mahali pengine popote katika jengo hili. Watalii wengi hawaifikii.

Yaliyobaki yanaweza kuonwa kwa mwendo wa kawaida. Inua macho uone dari la mbao na malaika wake waliochongwa. Tafuta ubao wa Humphrey Beckham, mchonga mbao wa mji huu aliyefariki mwaka 1671, uliojaa visa vya Agano la Kale na ambao umekuwa kumbukumbu yake. Kinanda cha kanisa kilitolewa na Mfalme George wa Tatu kwa kanisa kuu mwaka 1792 na kuhamishiwa hapa mwaka 1877. Ngao ya Malkia Elizabeth, ile iliyochukua nafasi ya mchoro, bado imo kanisani ingawa imehamishiwa mahali pengine, na inafaa kuiona baada ya kuutazama mchoro. Ukitoka nje, wapo watu wawili wa sanamu kwenye mnara wanaogonga kengele za saa kila robo.

Adabu na picha

Mavazi ya kawaida yanatosha, na wanaume huvua kofia. Wahudumu wa kujitolea huwa karibu na mlango; wasalimie, uwaambie umekuja kuutazama mchoro, na aghalabu watakuonyesha jambo ambalo hukulitarajia. Picha zipigwe bila mwanga wa kamera, na anayetaka kusimamisha kamera kwa miguu mitatu aombe ruhusa kwanza. Kama kuna mtu anasali mbele, subiri amalize. Nashauri pia mtu achore kwa penseli, hata vibaya, sehemu moja ndogo tu, kwa mfano yule mama na jagi lake, kwa sababu mkono unaochora hulazimisha jicho kuona kidole kiko wapi na jagi limeshikwaje, jambo ambalo simu hailazimishi.

Ukipenda kuendelea na michoro ya aina hii, iko miwili mingine ndani ya miji ya katikati ya Uingereza. Mmoja uko katika Kanisa la Utatu Mtakatifu, Coventry. Ulichorwa katika miaka ya 1430, ukagunduliwa mwaka 1831, kisha vanishi iliyopakwa kuulinda ikageuka nyeusi na kuuficha upya, hadi ulipofunuliwa tena mwaka 2004 baada ya kazi ya miaka mingi. Wauza pombe wamo pia, na kwa kuwa haukupakwa rangi mpya sana unafaa kwa kulinganisha na wa Salisbury. Wa pili uko katika kikanisa cha chama cha zamani cha kidini mjini Stratford-upon-Avon, ambako hesabu za mji za mwaka 1563 hadi 1564 zinaonyesha shilingi 2 zilizolipwa kwa kuharibu picha, wakati ambapo mmoja wa watunza fedha wa mji alikuwa John Shakespeare, baba yake William. Huo wa Stratford umefifia sana, na mtu asiyeyajua bado maumbo ya hukumu hatatambua mengi, hivyo uwe wa mwisho katika safari yako.